Wasifu wa marehemu aliyekuwa mtu wa mbio, mlima na familia: niandikeje?

Mwana_wa_Machame

Wakuu, salaam. Tumempoteza baba mdogo. Mazishi ni Jumamosi nyumbani Machame, ibada ya Kilutheri. Kikao cha jana kimenipa kazi ya kuandika wasifu na kuusoma. Mchungaji ametupa dakika saba na amesema hazitazidi.

Marehemu alikuwa mwalimu wa sekondari, miaka 61. Ukimuuliza yeyote kijijini atakutajia mbio, mlima na watoto wake. Alfajiri yuko barabarani, likizo yuko Kilimanjaro, Meru au juu ya baiskeli, na mara nyingi kuna mtoto mmoja anamfuata nyuma. Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu sita.

Shida yangu: kila mtu ananipa sifa tupu, "alikuwa hodari, mcheshi, mpenda watu". Za mbio kila mmoja ana namba zake. Medali zimejaa kabati, nyingine hazina hata mwaka. Vijana wanataka tukimbie kwa kumbukumbu yake siku ya arobaini. Na kaka yake mmoja anataka medali zote ziingie kwenye jeneza. Naombeni mwongozo kwa anayejua, muda ni mfupi.

Mhariri_Ratiba

Pole sana mkuu, poleni nyote.

Anza na muda. Kusoma kwa sauti mbele ya waombolezaji, kwa kipaza sauti kinachorudisha mwangwi, ni maneno kama 100 kwa dakika. Dakika saba ni maneno 700 kwenye karatasi tu. Wewe andika 550 hadi 600, kwa sababu utasimama kidogo, kuna mahali watu watalia na kuna mahali watacheka. Chapa kwa herufi za ukubwa wa 16, nafasi mbili kati ya mistari, upande mmoja wa karatasi, na hakikisha hakuna sentensi inayokatwa na mwisho wa ukurasa. Nakala ya pili apewe mtu wa kukupokea, awe ameshaisoma kwa sauti walau mara mbili na akae safu ya mbele. Ukishikwa na kilio katikati, anasimama na kuendelea pale pale. Msipopanga hili mapema, mshereheshaji atachukua karatasi na kusoma majina ya watoto vibaya.

Mpangilio wa kawaida unaujua: kuzaliwa na wazazi, mtoto wa ngapi kati ya wangapi, shule, kazi, ndoa, watoto, maradhi, kifo. Usiuvunje, wazee wanausubiri. Ila ubane. Kuzaliwa hadi kazi, maneno 150. Maradhi na kifo, 60. Yote yanayobaki yaende kwenye yale mambo yenu matatu, na usiyatenge kuwa sura ya michezo kisha sura ya familia. Umesema mwenyewe kwamba mtoto alikuwa nyuma yake. Basi hapo ndipo wasifu wenyewe ulipo: mtoto gani, njia gani, saa ngapi.

Sifa tupu zinakuja kwa sababu swali lenyewe ni tupu. Ukimuuliza mjane "marehemu alikuwa mtu wa namna gani?" atakujibu kama kadi ya rambirambi. Muulize vitu vinavyoshikika. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi alikuwa wapi, na alirudi saa ngapi? Viatu vyake vya mbio vilikuwa vinakaushwa wapi? Nani alimfundisha mtoto wa mwisho kuendesha baiskeli, na kwenye mteremko upi? Akiwa mlimani, taarifa nyumbani zilifikaje? Alikuwa mkali kwa jambo gani? Waulize watoto mmoja mmoja, wasiwe pamoja, maana wakiwa pamoja mkubwa ndiye atakayesema.

Kisha majina. Hapa ndipo misiba inapoharibika. Idadi ya watoto na wajukuu, tahajia zao, nani yuko hai na nani alitangulia, mtoto wa nje kama yupo: mambo haya hayaamuliwi na mwandishi. Rasimu isomee mjane, mtoto mkubwa na mzee wa ukoo, ana kwa ana. Usiitume tu kwenye kundi la WhatsApp la kamati, huko itaandikwa upya na watu thelathini.

Kifo: sentensi moja, mbili zikizidi, na maneno yake yatoke kwa mjane. Kwa mtu wa mazoezi watu hukaa wakinong'ona "mbona alikuwa anakimbia kila siku?" Usijibu mnong'ono huo kanisani. Mwambie na mshereheshaji asiugusie.

Na ule mstari wa Timotheo wa Pili 4:7, wa kumaliza mwendo, mwachie mchungaji. Marehemu akiwa mkimbiaji, mchungaji atausoma tu.

Kocha_Mzee

Poleni. Mimi nigusie namba, kwa sababu uwanjani watakuwepo wakimbiaji wenzake na namba ya uongo wataisikia hapo hapo.

Mtu akikwambia "alikimbia Kilimanjaro Marathon", uliza kilomita ngapi na mwaka gani. Siku hiyo Moshi kuna 42.2, kuna 21.1 na kuna 5 za kujifurahisha, na wote hurudi nyumbani na fulana. Mbio hizo zilianza 2003. Medali ya mwaka wa nyuma ya hapo ni ya mbio nyingine, usiichanganye. Geuza medali utazame nyuma, mara nyingi umbali umechongwa pale au uko kwenye utepe. Namba za kifuani kama alizihifadhi ni ushahidi mzuri kuliko medali, kwa sababu nyingi huwa na mwaka na umbali.

Muda upime kwa hesabu ndogo: geuza yote kuwa dakika, gawanya kwa kilomita. Saa 1 na dakika 52 kwa 21.1 ni dakika 112, yaani dakika 5 na sekunde 18 kila kilomita. Mwalimu wa umri wake anayefanya mazoezi anaweza kabisa, hasa ukikumbuka kwamba 21 ya Moshi inapanda kuelekea Mweka kabla ya kuteremka mjini. Ila ukiambiwa alikimbia 42 kwa saa 2 na dakika 5, jua kuna kitu kimechanganywa. Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya dunia Tokyo 2025 kwa 2:09:48. Mara nyingi mtu anakuwa amekumbuka saa ya 21 akaibandika kwenye 42.

Matokeo ya mtandaoni yanaweza kuwa na muda wa aina mbili kwa mtu mmoja: muda wa bunduki, unaohesabu tangu mlio, na muda wa chipu, unaohesabu tangu alipovuka mstari wa kuanzia. Kwa mtu aliyeanzia nyuma ya umati tofauti ni dakika kadhaa. Chagua mmoja kwa wasifu wote. Mimi ningetumia wa chipu, ndio mbio aliyoikimbia yeye.

Mlima nao una hesabu yake. Tafuta vyeti vya KINAPA, yaani Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Cheti cha Uhuru, mita 5,895, ni tofauti na cha aliyeishia ukingoni, Gilman's Point au Stella Point. Kuna tarehe na jina la kiongozi wa msafara, na huyo kiongozi kama bado yupo Moshi ni shahidi wako bora. Njia pia inakusaidia kuhakiki: aliyepandia Machame hufika ukingoni Stella Point, aliyepandia Marangu kupitia Horombo hutokea Gilman's. Simulizi ikisema Machame na cheti kikasema Gilman's, rudi kauliza. Meru iko ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, kwa hiyo vyeti vyake usivitafute KINAPA.

Kuishia Gilman's si aibu, andika hivyo hivyo. "Alifika Uhuru mara mbili, na mara moja akageukia Gilman's kwa sababu mwenzake alizidiwa" inamwonyesha mtu zaidi ya kusema "aliupanda mlima mara tatu".

Nyongeza ya haraka: kama alikuwa na saa ya mazoezi, asiguse mtu kitufe cha kuifuta, na isigawiwe bado. Garmin ukiichomeka kwenye kompyuta kwa waya, mafaili ya mazoezi yako kwenye folda ya Activity. Nakili folda nzima. Alichorekodi kwenye Strava, programu ya simu ya kuhifadhi mazoezi, kinapakuliwa kwa kuingia kwenye akaunti yake, na hapo mnaweza kuhitaji barua pepe yake au namba ya simu ya kupokea msimbo. Kwa hiyo laini yake msiiache ikafungwa kabla ya kumaliza. Mjane ndiye wa kuruhusu, si vijana.

Dada_wa_Kihamba

Pole kaka. Nijibu la jeneza.

Kuweka kila kitu kaburini ni uamuzi wa uchungu wa siku ya tatu, na haurudishwi. Mwambie baba mkubwa kwa upole, tena nje ya kikao, kwamba anaweza kuchagua medali moja, ile ambayo mjane naye anaikubali. Nyingine zikusanywe leo leo kwenye sanduku moja, zihesabiwe mbele ya watu wawili. Msiba ni nyumba ya milango wazi.

Baadaye kila mtoto na mjukuu apate yake, nyuma ibandikwe karatasi ndogo: mbio gani, mwaka, kilomita, muda, nani alikuwa naye siku hiyo. Bila karatasi hiyo, mjukuu atabaki na chuma tu. Viatu na nguo vina utaratibu wake kwenye ukoo, visubiri siku ya kugawa. Viatu vya mbio vilivyokaa miaka kabatini kwanza vikunjwe kwa mkono: soli ikiwa imekauka na gundi inaachia, usimpe mwanafunzi akimbilie.

Kuhusu mti, maana najua litakuja tu: mtu atataka kupanda mti mkubwa kaburini kwa kuwa marehemu alipenda msitu. Usiwaruhusu mkaratusi wala mgrevilea karibu na kaburi, mizizi itapasua saruji na kuinua vigae. Kaburi la kihambani, kwenye shamba la ukoo, lina sale, ule mmea wa jamii ya dracaena, na sale inatosha. Kata fimbo zilizokomaa, urefu wa kama mkono hadi kiwiko, zichomeke robo yake ardhini mkianza masika, zimwagilieni hadi zitoe majani mapya. Miti ya asili mipandeni kwingine, shuleni kwake kwa mfano, na awepo mtu aliyetajwa jina wa kuimwagilia kiangazi cha kwanza. Hiki ndicho kinachosahaulika. Miti ya kumbukumbu hufa Agosti na Septemba.

Mpiga_Chapa_Moshi

Poleni sana. Picha ya mbele ya jeneza na ya kwenye ratiba: msinitumie iliyozunguka WhatsApp. Picha ya kawaida ya WhatsApp hubanwa hadi pikseli 1600 hivi upande mrefu. Kwenye A3 hiyo inakupa kama pikseli 97 kwa inchi, uso unakuwa na ukungu. Chapa safi inataka 300, yaani picha ya pikseli 3508 kwa 4961; 200 bado inapita. Itumeni kama faili la dokumenti, isibanwe, au leteni simu yenyewe. Kama ni picha ya karatasi ya zamani, muiskani kwa 600, msiipige picha kwa simu chini ya taa ya dari.

Chaguo la picha: watu wengi hukimbilia ile ya suti. Kwa mzee huyu wekeni ya suti kwenye ratiba na ya njiani, uso umeelekea kamera, kwenye meza ya kitabu cha rambirambi. Epukeni ya kileleni yenye miwani ya barafu na kofia iliyoshuka, hata bibi wa jirani hatamtambua.

Fulana za arobaini: fulana ya pamba yenye picha kubwa kifuani haipitishi jasho, inakuwa kama nailoni mwilini. Kwa watakaokimbia kweli, chapa ndogo ya sentimita 8 hadi 10 upande wa moyo, na jina mgongoni kwa herufi. Mkitaka ile rangi inayoingia ndani ya kitambaa isiyobanduka, lazima kitambaa kiwe poliesta na kiwe cheupe au rangi nyepesi. Kwenye pamba rangi hiyo hufifia. Agizeni siku kumi kabla, na saizi XL ziwe nyingi kuliko mnavyodhani. Kinamama watazivaa juu ya nguo.

Kocha_Mzee

Narudi kwa mbio za arobaini. Msifanye mashindano. Msifunge saa wala msitoe zawadi, mtajikuta na vijana wanaoteleza kwenye kona za Machame na wazee wameachwa barabarani.

Kuna mpangilio rahisi wa kundi la mchanganyiko: nenda na kurudi kwa dakika badala ya kilomita. Wote mnaanza pamoja, mnapanda, na dakika ya 25 filimbi au simu ikilia kila mtu anageuka pale alipo. Mwenye mbio atakuwa amefika mbali, bibi atakuwa amefika kwenye duka la kwanza, na wote wanarudi nyumbani kwa wakati mmoja. Lazima muanze kwa kupanda. Mkianza kwa kuteremka, wenye magoti mabovu watageuka wakiwa bondeni na mtawatafutia bodaboda. Kama saa yake imehifadhi mazoezi, tumieni njia yake halisi ya asubuhi.

Muanze saa kumi na mbili na nusu, kweupe lakini kabla ya daladala kujaa. Barua ipelekwe kwa mkuu wa polisi wa wilaya na nakala serikali ya kijiji. Sheria inataka taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla ya mkusanyiko. Ninyi pelekeni wiki mbili kabla, na muandike idadi, njia, saa ya kuanza na kumaliza, na namba ya simu ya mhusika mmoja. Mtu mwenye fulana ya kuakisi mwanga awe mbele na mwingine nyuma kabisa, na yule wa nyuma haruhusiwi kumpita yeyote. Maji: lita moja kwa kichwa inatosha na kubaki, kwa watu 60 ni madumu matatu ya lita 20 na vikombe vya kuosha. Uji uwe tayari wanaporudi, si baada ya ibada.

Abuu_Pongwe

Poleni. Kwa wasomaji Waislamu mtakaoukuta uzi huu: kwetu maiti huzikwa mapema, mara nyingi siku hiyo hiyo, na makaburini ni dua. Wasifu hauna nafasi pale. Ila hayo maswali ya Mhariri yafanyeni katika siku za matanga wakati jamaa bado wamekusanyika, mkayaandika, kisha yasemwe kwa ufupi siku ya khitma baada ya kisomo. Deni la marehemu litajwe kabla ya medali.

Mwana_wa_Machame

Asanteni mno wakuu. Nimeanza. Hiki kipande naomba mkikate:

"Marehemu alikuwa mwanamichezo hodari, mpenda mazingira na baba mwema mwenye upendo kwa watu wote bila ubaguzi. Alishiriki marathoni mbalimbali ndani na nje ya nchi na kupata mafanikio makubwa. Mama mdogo alikuwa naye bega kwa bega."

Nilichohakikisha: 21 ya Moshi mara tisa tangu 2004, muda bora 1:38 mwaka 2009. Zile nne za mwisho alikimbia na binti yake wa tatu. Nairobi mara moja, 42. Mama mdogo alikuwa anamsubiri mwisho na uji kwenye chupa ya chai.

Mhariri_Ratiba

Umeshapata wasifu, umeuweka chini ya kipande badala ya ndani yake. Jaribu hivi:

"Tangu 2004 alikimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon mara tisa. Muda wake bora ulikuwa saa 1 na dakika 38, mwaka 2009. Mara nne za mwisho hakuutafuta muda tena: alikimbia kwa mwendo wa binti yake wa tatu, wakamaliza pamoja. Mara moja alivuka mpaka akakimbia kilomita 42 Nairobi. Popote alipomaliza, mke wake alikuwepo na uji kwenye chupa ya chai."

Maneno 57. "Hodari" imeondoka na hakuna atakayeiulizia. "Mama mdogo" nimeibadilisha kwa sababu pale mbele unasoma kwa niaba ya nyumba nzima, na waliokaa kanisani wengi si watoto wa kaka yake. Weka "mke wake" na jina lake kamili. Kwa binti naye taja jina, lakini muulize kwanza kama atastahimili kulisikia. Akikataa, baki na "binti yake wa tatu", na umtazame mwingine unapofika hapo.

Kocha_Mzee

1:38 ni dakika 4 na sekunde 39 kwa kilomita. Kwa mlima wa Mweka, kwa mwalimu anayeingia darasani Jumatatu, hiyo acha kama ilivyo, wakimbiaji watajua wenyewe. Ila hakikisha ile ya Nairobi ina mwaka. Bila mwaka kuna mtu atasimama wakati wa salamu aseme alikuwepo.

Mwana_wa_Machame

Mwaka upo, 2011, namba ya kifuani tumeikuta ndani ya Biblia yake. Baba mkubwa amekubali medali moja. Naenda kumsomea mama rasimu jioni hii.

Mhariri_Ratiba

Msomee kabla wageni wa jioni hawajafika, na uende na kalamu. Akinyamaza kwenye sentensi yoyote, izungushie duara uendelee, umuulize mwishoni. Kisha chapa nakala tatu: yako, ya wa kukupokea, na moja ya mchungaji leo hii, asije akarudia yale yale kwenye mahubiri.